Betri Mbili za MC Bubu

Ijumaa jioni Khalfani alirudi nyumbani Segerea na kiboksi kidogo kwapani, akakiweka mezani, na kabla hajavua hata viatu akaanza kucheka peke yake. Mkewe Rukaiya alikuwa anapiga pasi dera lake la zambarau. Akamtazama mumewe, akatazama kiboksi, akaendelea na pasi. Anamjua. Mtu akishakuwa fundi redio miaka kumi na tano, huchekeshwa na vitu ambavyo wenzake wanavipita tu.

"Fungua," Khalfani akasema.

"Huoni nina pasi?"

"Zima hiyo pasi. Umeme tuna kazi nao nyingine."

Ndani ya kiboksi mlikuwa na chaja ndogo nyeusi na betri mbili za kijani, za kimo kile cha kidole, kama za rimoti na saa ya ukutani. Rukaiya akazipima mkononi. Zilikuwa nzito kidogo kuliko alizozoea.

"Shilingi ngapi?"

"Usianze na bei. Anza na kazi."

"Shilingi ngapi, fundi?"

"Elfu ishirini na mbili."

Rukaiya akakaa chini. Viti vilikuwepo, vitatu, lakini yeye alikaa kwenye sakafu, pasi bado mkononi. "Elfu ishirini na mbili, betri mbili. Kwa Muhsin pale dukani jozi nzima elfu moja na mia tano."

"Za Muhsin unatumia siku moja unatupa. Hizi hutupi. Na za Muhsin ndizo zilizokuweka pale ulipo."

Na pale alipo Rukaiya mtaa mzima ulipajua. Kazi yake ni ushereheshaji wa kicheni pati, zile shughuli za wanawake za kumfunda bibi harusi, na miezi miwili iliyopita, kwenye ukumbi mmoja Mabibo, maiki yake isiyo na waya ilimzimikia mkononi katikati ya kumtaja mama wa bibi harusi. Betri zilikuwa feki. Akabaki mbele ya wanawake mia na hamsini, mdomo unacheza, sauti hakuna. MC mwenzake aitwaye Noela, ambaye siku hiyo alikuwa mwalikwa tu, akasema kutoka meza ya mbele, "Jamani, leo tumeletewa MC Bubu." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Magharibi haijaadhiniwa, jina lilikuwa limeshafika Segerea na kumsubiri mlangoni. Toka siku ile simu yake haikuita kwa kazi hata moja, na watoto wa mtaani walikuwa wakimwamkia, "Shikamoo Bubu," kwa adabu zote.

Sasa kulikuwa na mlango mmoja tu umebaki wazi. Bi Wahiba, mwenye ukumbi mkubwa Kibamba, mwanamke wa ukoo wa Kiarabu ambao umeuza vitambaa toka enzi za babu yake, alikuwa anamfanyia binti yake Khulud kicheni pati Jumapili. Alimpigia Rukaiya mwenyewe, na hakumzungusha. "Nimesikia jina lako jipya," alisema. "Mie napenda kujionea kwa macho. Ukinifurahisha, Jumapili zote za ukumbi wangu ni zako. Ukinizimikia, namba ya Noela ninayo."

Hicho ndicho kilichokuwa kwenye kile kiboksi. Jumapili zote, au namba ya Noela.

"Haya," Rukaiya akasema kutoka sakafuni. "Nieleze hizo betri zako."

Khalfani akavuta kiti kwa raha. Mamake, Bi Mwanaheri, akatoka chumbani kwake akifunga mtandio, maana neno betri humfikia popote alipo. Bibi huyu wa Temeke hajawahi kutupa betri maishani mwake. Zikifa za maiki, za rimoti, za jirani, anazikusanya kwenye kopo la maziwa, na kila asubuhi yenye jua kali anazipanga kwenye sinia na kuzianika juu ya bati la bafu. Zikipata moto anazirudisha kazini, na kweli hupata uhai wa saa moja, mbili, kisha anazianika tena. Ndizo zinazoendesha kifeni chake cha mkononi, cha waridi, ambacho huzunguka taratibu kiasi cha mtu kuweza kuzihesabu panga zake.

"Mama, sikiliza na wewe," Khalfani akasema. "Ndani ya betri kuna vitu viwili vinalana. Vikilana, umeme unatoka. Ile ya kutupa, vikishalana vikamalizana, basi, imeisha hiyo. Hii ya kuchaji navyo vinalana, lakini ukiipa umeme wa ukutani, vinatapika. Kila kimoja kinarudi kama kilivyokuwa. Unatumia tena, unachaji tena, hata mara mia tano."

"Vinatapika," Bi Mwanaheri akasema.

"Ni mfano, mama."

"Na unataka mkwe wangu akashike matapishi mbele za watu."

Rukaiya akacheka mpaka akaweka pasi chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki ile, na Khalfani akaona kwamba elfu kumi kati ya zile ishirini na mbili zimesharudi.

"Sasa wewe," akamgeukia mkewe, "una mambo mawili ya kushika. La kwanza, hizi haziwashi taa zote. Ya kutupa ikiwa mpya ina volti moja na nusu. Hii ina moja na kidogo, hata iwe imeshiba vipi. Kwa hiyo kwenye maiki, badala ya taa tatu utaona mbili. Usibabaike. La pili, ile ya kutupa huchoka polepole. Sauti inafifia, inafifia, unapata habari mapema. Hii haitoi habari. Inakupa nguvu ile ile mwanzo mpaka mwisho, halafu inakata. Tap."

"Haiagi?" Bi Mwanaheri akauliza.

"Haiagi."

"Haina adabu basi."

"Inakata baada ya muda gani?" Rukaiya akauliza, uso umeanza kukaza.

"Saa nane, tisa. Shughuli yako saa nne. Utarudi nayo nyumbani bado inataka kusema." Kisha akamwonyesha mamake kidole. "Na mama, usije ukaniwekea hizi kwenye saa ya ukutani. Zikikaa na kazi ndogo zinavuja nguvu bure. Saa inataka ya kutupa."

"Saa ina akili," Bi Mwanaheri akasema, akarudi chumbani.

Jumamosi betri zikalala kwenye chaja, taa nyekundu, na kulipokucha Jumapili taa ilikuwa ya kijani. Khalfani akatangulia Kibamba asubuhi na spika kwenye bajaji. Rukaiya akaenda kupakwa wanja kwa jirani. Nyumba ikabaki na Bi Mwanaheri na jua la saa tatu.

Bibi alisimama mbele ya chaja muda mrefu. Usiku hakulala vizuri. Alimsikia mkwewe akijirudia maneno ya ufunguzi chumbani, akikosea, akianza upya, na roho ilimuuma. Anampenda Rukaiya kuliko anavyosema. Na kwa miaka sabini na moja aliyoishi, umeme wa ukutani ameuona ukikatika mara ngapi, na jua hajaliona likikatika hata siku moja. Akaona si vibaya kumwongezea. Akazing'oa betri mbili kwenye chaja, akaziweka kwenye sinia pamoja na zake sita, akapanda kistuli, akazianika.

Zake nazo zilikuwa za kijani. Kwa Muhsin zinauzwa za kijani tu. Tofauti ilikuwa maandishi, na maandishi yenyewe madogo, na miwani ya bibi ilivunjika mkono toka mwezi wa Ramadhani.

Saa tano akalishusha sinia. Akazichukua betri moja moja na kuzigusisha shavuni, nane zote, bila haraka, anavyopima joto la mtoto mgonjwa. Mbili zilikuwa na moto kushinda wenzake, maana zilikaa upande wa sinia uliogusa bati. Hizo ndizo bora. Akasema bismillahi, akazitia kwenye maiki ya mkwewe, akaifuta maiki kwa upindo wa kanga, akairudisha kwenye mkoba wa Rukaiya. Zilizobaki, akachukua mbili tu za kupitishia siku, akazitia kwenye kifeni chake. Hazikuwa na moto sana, lakini kwa mzee zinatosha.

Ukumbi wa Bi Wahiba ulijaa mpaka viti vya plastiki vikaazimwa msikiti wa jirani. Wanawake mia mbili, sare ya zambarau na dhahabu, vipodozi vya kutosha kuanzisha duka. Mwanamume hakuna, ndiyo desturi. Khalfani na spika zake waliwekwa nyuma ya pazia zito jukwaani, akapewa soda na onyo la kutochungulia.

Rukaiya akapenyeza maiki pembeni ya pazia. "Taa mbili."

"Si nilikwambia?" sauti ya Khalfani ikajibu kwa majivuno. "Mbili ndiyo kushiba kwake. Nenda kaue."

Akaenda akaua kweli. Alimwingiza bibi harusi kwa maneno yaliyowainua watu vitini. Aliwatania mashangazi wa Khulud kwa majina yao, akawapanga kina mama wa Kariakoo upande huu na wa Kibamba upande ule, washindane kupiga vigelegele. Bi Wahiba, kwenye kiti chake cha mbele, alikuwa amekunja mikono. Baada ya dakika kumi akaikunjua.

Kwenye meza ya saba, wakati huo, palikuwa na jambo jingine. Bi Mwanaheri, aliyekuja na mkwewe, alikuwa amewasha kifeni chake, na kifeni kilimponyoka. Akakidaka. Kilikuwa kinavuma. Mtandio wake ulipeperuka ukamfunika jirani usoni, na jirani mwenyewe alikuwa Noela, amekaa na mkoba mkubwa mapajani, na ndani ya mkoba maiki yake mwenyewe, endapo ataitwa.

"Bibi, hii feni umeinunua wapi?" Noela akauliza, wanja umeanza kumtiririka kwa joto.

"Feni ya kawaida. Nimeianikia betri."

"Niinamishie kidogo na mimi, bibi yangu."

Bi Mwanaheri ni mtu mkarimu. Akamwinamishia. Baada ya muda meza ya nane wakaomba, meza ya sita wakasogeza viti, na yeye akawa anagawa upepo kwa zamu, kila mtu hesabu ya kumi, Noela mara mbili kwa kuwa jirani.

Mchakato wa zawadi ndio uliokuwa umeanza. Kundi la kwanza lilikuwa linakuja likicheza na masufuria kichwani, na Rukaiya anawataja, mmoja mmoja, pale alipousikia mkwaruzo. Akasogeza maiki karibu na mdomo. Sauti ikatoka, lakini imepungua, kama mtu anayesemea chumba cha pili. Akataja jina jingine. Ikapungua zaidi.

"Hatusikii huku," mtu wa nyuma akasema.

Halafu, meza ya kumi na kitu, mtu akanong'ona lile jina. Wenzake wakaziba midomo kwa mikono. Rukaiya aliliona likitembea ukumbini, meza hadi meza, mabega yakitikisika. Alikuwa na aibu ya Mabibo mwilini bado haijakauka, na sasa hii inamwagiwa juu yake.

Noela akasimama, akafungua mkoba, akatoa maiki yake iliyofungwa utepe mwekundu. "Shoga," akasema, sauti tamu kweli, "nikuazime?"

Bi Wahiba akamtazama Noela. Kisha akamtazama Rukaiya, akakunja mikono tena.

"Subiri kwanza, shoga yangu," Rukaiya akasema kwa koo tupu. Akawapungia wachezaji waendelee kucheza, akaenda jukwaani na tabasamu ambalo halikuwa lake, akainama kwenye pazia.

"Fundi. Inakufa."

"Nasikia. Inakufaje?"

"Kufa ni kufa. Inafifia."

"Polepole?"

"Polepole. Unataka nikuimbie?"

Nyuma ya pazia Khalfani akaanza kucheka. Rukaiya alitamani kulichana pazia lile amshike shati.

"Unacheka na mie nazikwa?"

"Rukaiya, hizo si zetu. Zetu hazifi hivyo. Si nilikwambia, zetu zinakata tap, haziagi. Hiyo inayokuaga kwa heshima hivyo ni ya kutupa. Zetu ziko mahali. Nani aligusa maiki leo asubuhi?"

Rukaiya akageuka taratibu. Ukumbi mzima ulikuwa unajipepea kwa kadi za mwaliko, isipokuwa meza ya saba. Pale mitandio ilikuwa inapepea yenyewe. Katikati ya mitandio alikuwa mama mkwe wake, ameinua kifeni cha waridi juu, anahesabia zamu.

Akashuka. Njiani alikuwa na hatua ishirini za kufikiri. Angeweza kuzidai betri zake, na watu wangecheka, lakini wangemcheka nani? Bibi wa watu aliyekuja na gauni lake zuri kuliko yote. Alipofika, akapiga magoti.

"Mama," akasema, "naomba upepo wako."

"Joto limekushika, mwanangu," Bi Mwanaheri akasema, akampa pale pale. "Chukua. Mie nimeshapoa."

Rukaiya akafungua kifeni, akatoa betri mbili nzito, akazitia kwenye maiki mbele ya kila mwenye macho. Zile za maiki akamwekea mama mkwe kiganjani. Bibi akazisikia bado zina uvuguvugu, akaelewa, na uso ukamwanguka.

"Nilikupa zilizoshiba jua," akanong'ona.

"Najua, mama. Ndiyo maana nimepiga magoti." Akasimama, akawasha maiki, na sauti ikapiga ukuta wa nyuma ikarudi. "Wa nyuma, mnanipata?"

Wa nyuma waliruka vitini.

"Khulud," Rukaiya akasema, "njoo hapa mwanangu. Wenzangu watakufunza kupika na kulala. Mie nakuonyesha mama mkwe wangu. Huyu leo asubuhi, na magoti yake yanauma, amepanda kistuli kunianikia betri juani, ili sauti yangu isikatike mbele yenu. Zenye moto kuliko zote akanipa mie. Zilizobaki akachukua yeye." Akakiinua kifeni cha waridi kila mtu akione. "Bahati mbaya, zilizobaki ndizo zilikuwa nzima."

Ukumbi ukapasuka. Wanawake walicheka wakalia, vipodozi vikashuka mashavuni kwa mia mbili. Bi Wahiba aliinama mpaka nyuzi za kilemba chake zikagusa magoti.

"Mama mkwe wako naye atakupa kitu kibovu kwa mapenzi yote," Rukaiya akaendelea, "na mumeo atakueleza mambo ya volti. Vumilia wote wawili."

Bi Mwanaheri akanyoosha mkono, akanyakua maiki. "Na msidanganywe na fundi," akautangazia ukumbi. "Na hizi nimezianika. Jua limo humu." Akapigiwa vigelegele kuliko bibi harusi, na toka hapo ilibidi anyang'anywe maiki mara tatu kabla shughuli haijaisha.

Saa kumi na mbili kasoro Bi Wahiba akasimama kufunga. Rukaiya akampa maiki. Nyuma ya pazia Khalfani alikuwa amekaa kwenye boksi la spika, kijasho chembamba, anahesabu vidoleni: feni inakula mara tatu ya maiki, imekwenda saa mbili na ushee, chaji ya usiku mmoja.

"Mie nilisema nataka kujionea kwa macho," Bi Wahiba akaanza. "Nimeona. Toka shughuli za ukumbi huu zianze sijacheka hivi. Kwa hiyo natangaza hapa hapa, mbele yenu wote. Kuanzia mwezi ujao, Jumapili zote za ukumbi huu ni za..."

Tap.

Hapakuwa na mkwaruzo wala kufifia. Midomo ya Bi Wahiba ilimaliza sentensi, lakini jina lilibaki mdomoni mwake. Akaitikisa maiki, akaipulizia. Wanawake mia mbili wakamtazama Rukaiya, na Rukaiya akaitazama sakafu.

Kwenye meza ya saba mkono wa Noela ulikuwa umeshashika zipu ya mkoba. Kitu kilichobaki ni kuivuta tu, na maiki yake ingekuwa mkononi mwa mwenye ukumbi. Akamtazama Bi Mwanaheri aliyekaa naye bega kwa bega, ameshika betri zake mbili zilizopoa, macho yamejaa maji. Mchana kutwa Noela alikuwa ameula upepo wa bibi yule, tena mara mbili kwa zamu. Akaguna, akaachia zipu, akasimama juu ya kiti, akaweka viganja mdomoni.

"Za Bubu," akapaza sauti. "Za MC Bubu, jamani, mmesikia?"

Waliosikia walikuwa Kibamba nzima. Vigelegele viliondoka ukumbini vikavuka barabara, na Rukaiya, aliyelikimbia jina lile miezi miwili, akajikuta anaitika kwa mikono yote miwili juu.

Jumatatu asubuhi Khalfani alikuta chaja haipo mahali pake. Aliitafuta mpaka akaiona dirishani, waya umevutwa toka kwenye soketi kwa tabu, taa nyekundu inawaka, na jua la saa mbili linazipiga betri usoni. Mamake alikuwa kwenye kistuli kando yake, kifeni mapajani, analinda.

"Mama, hizi hazitaki joto," akaanza. "Joto linazi..."

"Fundi," Rukaiya akaita kutoka jikoni, simu sikioni, mtu wa tatu wa asubuhi ile anaulizia nafasi ya Jumapili. "Mwache mama afanye kazi yake."